Kujenga Nyumba Mpya Wenyeji Wakiwa Ndani: Namna ya Kufundisha Mabadiliko ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu anayefundisha somo la kompyuta katika shule ya msingi hana budi siku moja kuulizwa na mtoto swali hili: "Mwalimu, mbona mchezo uliokuwa ukifanya kazi katika ile kompyuta ya zamani haufanyi kazi katika hii mpya? Si hii ndiyo yenye nguvu zaidi?" Swali hilo ni la haki kabisa. Mwalimu asiyejiandaa hujibu kwa mkato kwamba mchezo ule umepitwa na wakati, kisha akaendelea na somo lake. Jibu la namna hiyo halifundishi kitu. Mtoto amejua kwamba mchezo haufanyi kazi. Alilotaka kujua ni sababu.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumweleza mwanachuo jambo lenyewe, yaani kwa nini ni vigumu kuujenga upya mfumo endeshi wa kompyuta bila ya kuzivunja programu zilizotungwa kwa ajili ya mfumo wa awali, na jinsi kazi hiyo ilivyopata kufanywa. Pili, kumwonyesha namna ya kulifundisha jambo hilo darasani kwa chaki, vibao na kadi za karatasi, hata mahali ambapo kompyuta ni moja kwa wanafunzi sitini, au haipo kabisa.

Mfumo endeshi ni nini?

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata ili kutenda kazi fulani, kama vile kuandika barua, kupiga hesabu au kuchora. Lakini programu ya kuandikia barua haijui yenyewe namna ya kuweka herufi kwenye kioo wala ya kuhifadhi maandishi katika diski. Kila inapotaka jambo la aina hiyo huuomba mfumo endeshi, ambao ndio programu kuu inayosimamia mashine yote na kugawa nafasi na zamu kwa programu nyingine.

Tuulinganishe mfumo endeshi na ofisi yenye dirisha la kuhudumia watu. Mwombaji hufika dirishani, hutaja haja yake kwa maneno yaliyokubaliwa, naye karani huitimiza. Kati ya programu na mfumo kuna mapatano: ukiomba kwa jina hili, utapewa kitu hiki kwa namna hii. Aliyeitunga programu aliyafuata mapatano ya siku zake. Mapatano yakibadilika, programu haibadiliki kwa hiari yake. Itaendelea kuomba kwa maneno yale yale ya zamani, nayo ofisi mpya haitaielewa.

Kuna jambo jingine lililo gumu zaidi. Zamani ofisi nyingi za namna hii hazikuwa na ukuta imara. Waombaji wengine waligundua kwamba faili fulani hukaa katika rafu fulani, nao, ili kuokoa muda, wakaacha kupita dirishani na kuingia kwa mlango wa nyuma wakajichukulia wenyewe. Watungaji wengi wa programu walifanya hivyo, na si kwa uovu. Mashine zilikuwa za polepole, na njia ya mkato iliharakisha kazi. Lakini siku ofisi ilipotaka kuhamisha rafu ndipo ilipobainika ni watu wangapi waliokuwa wakiutegemea mlango ule ambao haukuandikwa katika kanuni yoyote.

Mfano wa kihistoria: kompyuta za Macintosh

Mfano mmoja unaofaa sana kwa kufundishia ni ule wa kompyuta za Macintosh, zilizotolewa na kampuni ya Apple ya Marekani kuanzia Januari 1984. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na ilikusudiwa kuendesha programu moja kwa wakati mmoja. Kwa hali hiyo haikuonekana haja ya kujenga kuta kati ya programu na programu. Mtu anayeishi peke yake chumbani hahitaji kufunga sanduku lake kwa kufuli.

Baadaye mashine zilikua, na watumiaji wakataka kufungua programu kadhaa kwa pamoja. Kuanzia mwaka 1987 jambo hilo liliwezekana, lakini kwa utaratibu wa kupokezana kwa hiari: programu iliyokuwa ikitumia prosesa, ambayo ndiyo kiungo kinachotekeleza maagizo, ilitakiwa kuiachia mwenzake yenyewe. Isipoachia, zote zilikwama. Hali kadhalika, kumbukumbu ilikuwa ni uwanja wa wote. Programu moja iliyokosea iliweza kuandika juu ya maandishi ya nyingine, au hata juu ya maandishi ya mfumo wenyewe. Hapo dawa ilikuwa kuzima mashine na kuiwasha upya, na kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea.

Katika miaka ya 1990 Apple ilijaribu kuujenga mfumo mpya yenyewe. Mradi huo, ulioitwa Copland, ulizidi kuongezewa mambo huku tarehe ya kukamilika ikisogezwa mbele, na Agosti 1996 ukaachwa. Desemba mwaka huo huo Apple ilitangaza kwamba itainunua kampuni ya NeXT, ambayo Steve Jobs aliianzisha baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. NeXT ilikuwa na mfumo uliojengwa juu ya misingi iliyotoka katika vyuo vikuu: kiini kiitwacho Mach, kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika mfumo huo kila programu ilikuwa na eneo lake la kumbukumbu lililolindwa, na mfumo wenyewe ndio uliogawa zamu. Haukungoja hiari ya mtu.

Hivyo msingi bora ulipatikana. Lakini nyumba ya zamani ilikuwa na wenyeji: maelfu ya programu, na watu wenye kuzitegemea kwa kazi zao za kila siku, wakiwamo wapangaji wa kurasa za magazeti, wachoraji, wachapaji na walimu. Mpango wa kwanza, uliotangazwa mwaka 1997 kwa jina la Rhapsody, uliwapa watungaji wa programu milango miwili tu. Ama wangeziacha programu zao kama zilivyo, nazo zingewekwa katika chumba cha pembeni bila ya kufaidi ubora wa mfumo mpya. Ama wangezitunga upya tangu mwanzo kwa utaratibu wa NeXT. Makampuni makubwa yenye programu zilizotungwa kwa miaka mingi hayakuwa tayari kuanza upya.

Mei 1998 Apple ilibadili shauri na kutangaza mfumo uitwao Mac OS X, wenye mlango wa tatu. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 24 Machi 2001.

Njia tatu, na mzigo wa kila moja

Mwanachuo azingatie sehemu hii kwa makini, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo. Mac OS X ilizipokea programu kwa njia tatu, na tofauti yao kubwa ilikuwa katika swali hili: ni nani anayebeba mzigo wa mabadiliko?

Njia ya kwanza iliitwa Classic. Mfumo wa zamani wote, yaani Mac OS 9, uliwashwa ndani ya mfumo mpya kana kwamba ni programu mojawapo. Programu ya zamani iliingia humo bila ya kubadilishwa hata herufi moja, ikaona mazingira yale yale iliyoyazoea. Mtungaji wa programu hakubeba mzigo wowote. Mzigo ulibebwa na mfumo, uliolazimika kuweka nyumba ndani ya nyumba, na pia na mtumiaji, aliyehitaji kumbukumbu ya ziada na kungoja mfumo wa pili uwake. Aidha, humo ndani desturi za zamani ziliendelea pamoja na kasoro zake: programu moja ikikwama, iliweza kuzikwamisha zote zilizokuwa katika Classic. Lakini mkwamo huo haukuvuka ukuta. Programu za mfumo mpya ziliendelea na kazi.

Njia ya pili iliitwa Carbon. Wahandisi wa Apple waliyapitia maombi ambayo programu za zamani zilizoea kuyapeleka kwa mfumo, yaliyokuwa kiasi cha 8,000. Waliona kwamba kama 2,000 kati yake ndiyo yasiyoweza kuishi pamoja na kuta mpya, kwa mfano yale yaliyoiruhusu programu kugusa mahali pa mfumo wenyewe. Hayo waliyaondoa, na yaliyobaki wakayajenga upya juu ya msingi mpya kwa majina yale yale. Mtungaji hakuhitaji kuandika upya programu yote. Alihitaji kuzitafuta sehemu zilizotumia maombi yaliyoondolewa na kuzirekebisha. Malipo yake ni kwamba programu ilipata kulindwa kama programu yoyote mpya, na programu hiyo hiyo moja iliweza kufanya kazi katika Mac OS 9 na katika Mac OS X. Hapa mzigo uligawanywa.

Njia ya tatu iliitwa Cocoa, nayo ni utaratibu uliotoka NeXT. Aliyetaka kuifuata aliandika upya kila kitu. Mzigo wote ulikuwa wake, lakini alipata vifaa bora zaidi vya kutungia, na programu yake haikuwa na deni lolote kwa desturi za zamani.

Tazama namna wakati ulivyopita kabla ya watu kuvuka. Microsoft ilitoa Office ya Mac OS X Novemba 2001. Photoshop ya kampuni ya Adobe ilifika mwaka 2002, na QuarkXPress, iliyotumiwa sana kupanga kurasa za magazeti na vitabu, haikufika hadi mwaka 2003. Lau Classic isingalikuwapo, mpangaji wa kurasa angalilazimika ama kukaa miaka miwili bila ya mfumo mpya, ama kukaa bila ya chombo chake cha kazi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ulibaki sakafuni mpaka msala ulipotandikwa.

Lakini madaraja hayakukusudiwa kudumu milele. Mwaka 2006 Apple ilianza kuuza kompyuta zenye prosesa za Intel, na hizo hazikuwa na Classic. Oktoba 2007 Classic iliondolewa hata kwa mashine nyingine, katika toleo la 10.5. Carbon iliishi zaidi. Mwaka 2007 Apple ilitangaza kwamba haitaipeleka kwa ukamilifu katika biti 64, na programu za biti 32, zikiwamo zile za Carbon, zikaacha kufanya kazi Oktoba 2019. Adobe iliyoivusha Photoshop kwa Carbon mwaka 2002 ilikuja kuihamishia Cocoa mwaka 2010. Basi Carbon haikumwondolea mtungaji safari. Ilimpa muda wa kuifanya kwa hatua.

Namna ya kufundisha darasani

Somo hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi viwili vya dakika 40. Zana zinazohitajika ni ubao, chaki, kadi za karatasi na vibao vya kuandikia. Vipande vya kadibodi au daftari vyatosha pakiwa hapana vibao. Chaki itasimama badala ya prosesa, mahali pa kuandikia badala ya kumbukumbu, na kadi badala ya programu. Mwalimu asiyataje majina hayo mwanzoni. Aanze na kinachojulikana.

Hatua ya kwanza: desturi ya zamani. Wanafunzi wanne wapewe kadi nne zenye maagizo, kama vile "Andika majina ya siku za juma upande wa kushoto wa ubao, kila ukimaliza neno moja mpe mwenzako chaki." Ubao ni mmoja na chaki ni moja. Mambo yataenda vizuri kwa dakika chache. Kisha mwalimu amnong'oneze mmoja wao asiitoe chaki. Darasa zima litaona kazi ikisimama. Baadaye amnong'oneze mwingine aandike juu ya maandishi ya jirani yake. Wanafunzi watalalamika, nao wanafanya vyema kulalamika. Mwalimu afute ubao wote na kuwaamuru waanze upya. Hapo ndipo awaulize: nani aliyekosa, na ni nani walioumia?

Hatua ya pili: utaratibu mpya. Kila mmoja apewe kibao chake. Chaki ishikwe na kiranja, ambaye humpa kila mtu kwa zamu na kuirudisha kila anapofika kumi katika kuhesabu, hata kama mwenye zamu hajamaliza. Mwalimu arudie hila zile zile. Safari hii anayeng'ang'ania chaki atanyang'anywa, na anayeharibu ataharibu kibao chake tu.

Hatua ya tatu: kadi za zamani katika utaratibu mpya. Mwalimu ampe mwanafunzi kadi isemayo: "Nenda kwenye ubao, futa maandishi yaliyo upande wa kulia, andika majina ya miezi." Ubao wa wote haupo tena. Mwanafunzi atasimama akiwa hajui la kufanya. Mwalimu asiharakishe kusaidia. Aulize darasa: "Mwenzenu afanyeje?" Awaache wajadiliane katika vikundi kwa muda wa kutosha. Akiwaongoza vizuri wataweza kufikia njia zote tatu: kumwekea ubao mdogo pembeni, kurekebisha maneno machache ya kadi yake, au kumwandikia kadi mpya.

Kila njia ijaribiwe kwa vitendo. Katika ile ya pembeni, wenye kadi za zamani wakae pamoja kwenye ubao mdogo, na kiranja aihesabu pembe hiyo kuwa ni mtu mmoja. Chaki ikifika kwao waipokezane kwa desturi yao. Mmoja akiing'ang'ania, pembe yote itakwama, lakini kiranja akifika kumi ataichukua na darasa litaendelea. Hivyo ndivyo Classic ilivyofanya kazi.

Hatua ya nne: kupima mzigo. Wanafunzi wahesabu ni maneno mangapi yaliyobadilishwa katika kadi kwa kila njia, nani aliyefanya kazi ya ziada, na nafasi kiasi gani iliyotumika. Matokeo yaandikwe ubaoni katika safu tatu. Baada ya hapo tu ndipo mwalimu ataje majina ya mfumo endeshi, programu, prosesa na kumbukumbu, na kusimulia habari ya Macintosh kwa ufupi.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kusema kwamba waliojenga mfumo wa zamani hawakuwa na akili. Waliijengea mashine ya kilobaiti 128. Mac OS X ya mwaka 2001 ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 128, yaani zaidi ya mara elfu moja. Mtoto afundishwe kuuliza kila kitu kilijengwa kwa ajili ya hali gani.

Kosa la pili ni kumwachia mtoto dhana kwamba nguvu za mashine zinatosha. Katika mchezo wetu mwenye kadi ya zamani hakushindwa kwa kukosa chaki. Alishindwa kwa kuwa mapatano yamebadilika.

Kosa la tatu ni kuchanganya programu na kazi iliyoandikwa kwayo. Barua iliyoandikwa kwa programu iliyokufa haijafa, lakini yaweza kukosa wa kuifungua. Mwalimu anayetunza alama za wanafunzi katika kompyuta ya shule hana budi, kabla mashine haijabadilishwa, kuuliza ni programu zipi zitakazoendelea kufanya kazi. Tena atoe nakala za kumbukumbu zake kwa namna inayosomeka na programu nyingi, na chapa ya karatasi kwa zile zisizofaa kupotea.

Hitimisho

Mlinganisho una mipaka yake, na mwalimu aujue mpaka huo: mtoto si mashine, wala moyo wake si diski. Hata hivyo, swali la mzigo twaweza kuondoka nalo darasani. Kila mara muhtasari wa masomo unapobadilishwa, au mtoto anapohamishwa kutoka katika lugha ya nyumbani kwenda katika lugha ya shule, kuna mapatano ya zamani yanayovunjwa. Mtoto aliyezoea kuhesabu kwa vidole anapoambiwa "hapa hatuhesabu hivyo", huachiwa mlango mmoja tu, nao ni kuanza upya peke yake. Mwalimu mwema humwachia vidole vyake kwa muda, humwonyesha ni vipi kati ya anavyovijua vinavyoweza kubaki, na humrekebishia vile tu visivyoweza kusimama. Kisha, wakati ukifika, daraja huondolewa. Kuliondoa mapema ni ukatili, na kutoliondoa kamwe ni kumnyima mtoto nyumba mpya.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mpango wa mwaka 1997 uliwatia wasiwasi watungaji wa programu kuliko ule wa mwaka 1998.

2. Je, ni nani aliyefaidika zaidi na Classic: mtungaji wa programu au mtumiaji? Toa sababu.

3. Andaa kadi nne za kutumia katika hatua ya kwanza ya somo, kisha zirekebishe kwa utaratibu wa vibao ukibadilisha maneno machache iwezekanavyo. Ni maneno gani uliyolazimika kuyaondoa, na kwa nini?

4. Chagua jambo moja ambalo watoto huja nalo shuleni kutoka nyumbani. Utalitunza kwa muda gani, na utajuaje kwamba wakati wa kuliacha umefika?